Mwaka wa Dole Gumba

Asubuhi niliyoondoka Nyasubi, pale Kahama, sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimepanga chumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, na kazi yangu ilikuwa kupakia magunia kwenye malori. Hakuna aliyenifukuza wala niliyegombana naye. Niliamka, nikatia shuka na nguo zangu kwenye mfuko wa mbolea, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo. Akaniuliza nakwenda wapi, nikamwambia sijui. Akasema, "Basi wasalimie huko." Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nikihama: nilikaa mahali nikiuliza maswali mpaka majibu yakaisha, kisha nikaenda kuuliza kwingine. Shule niliiacha mapema kwa sababu hiyohiyo, au ndivyo ninavyopenda kusema. Walimu wangu wangesema vingine. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa limebeba saruji na linaelekea njia ya Kakola, kwa hiyo na mimi nikawa naelekea njia ya Kakola.

Mwaka huo nimeurudia kichwani tangu mwezi uliopita, Mama Kabula aliponipigia simu kuniambia mumewe, mzee niliyeishi kwake mwaka huo, ametutoka. Nilifika msibani siku ya pili. Kijana aliyekuwa akipokea wageni alinisimamisha mlangoni, akaniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Nikamwambia ni mwanafunzi wake. "Alikuwa mwalimu?" Nikasema hapana, ila alinifundisha kushika fimbo. Kijana akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akanipisha haraka, akawanong'oneza wenzake, na tangu hapo nikapewa kiti cha peke yangu na maji ya kunawa kabla ya wazee. Nilichelewa kuelewa kwamba walidhani nimerithishwa uganga. Sikuwasahihisha. Kueleza kwamba ilikuwa fimbo ya gofu kungechukua muda mrefu, na chakula kilikuwa kinakuja.

Lori lile la saruji lilipata pancha kwenye kituo kimoja kidogo, nyumba kumi hivi na mgahawa. Dereva na utingo wake walipokuwa wakihangaika na tairi nilizunguka nyuma ya nyumba kuona kuna nini. Kulikuwa na uwanda wa malisho, na katikati yake mzee mmoja mwembamba, kavaa suruali ya kazi ya mgodini yenye mistari inayong'aa. Alikuwa ameshika chuma chembamba kwa mikono miwili. Anakiinua juu ya bega, anapiga chini, vumbi linaruka, anatukana kwa Kisukuma, anasogea hatua mbili, anapiga tena. Nikajua anaua nyoka. Nikaokota jiwe, nikakimbia kumsaidia.

"Yuko wapi?" nikapiga kelele.

"Nani?"

"Nyoka, baba!"

Akatazama miguu yangu. "Umemkanyaga."

Niliruka mpaka jiwe likaniponyoka, nusura liniangukie kichwani. Chini ya ndala yangu kulikuwa na kimpira cheupe, kimezama kwenye udongo. "Rudi nyuma taratibu," mzee akasema, "usije ukanizamishia zaidi." Nyuma yangu lori likapiga honi, likapiga tena, likaondoka. Sikugeuka. Nilitaka kujua kimpira kile kinafanya nini.

Huyo ndiye Baba Kabula. Alikuwa ameendesha winchi kwenye mgodi mmoja mkubwa kwa miaka mingi, na huko aliwaona wageni wakicheza gofu kila Jumapili. Akaanza kwa kuwaangalia, akaishia kucheza nao. Bosi wake mmoja aliporudi kwao alimwachia mfuko wenye fimbo saba. Waya wa winchi nao ulikuwa umemchukulia dole gumba la mkono wa kushoto, lote, hadi kwenye shina. Alistaafu akiwa na fimbo saba na vidole tisa, akarudi kwenye eneo lake la malisho, akachimba mashimo sita. Kila shimo lilikuwa kopo la maziwa lililozikwa, na kuzunguka kopo alimwaga mchanga uliochanganywa na oili chafu ili mpira uteleze vizuri. Kanuni alizitunga mwenyewe. Mpira ukiangukia mavi ya ng'ombe unaruhusiwa kuufuta bila adhabu. Ng'ombe akiupiga teke, utacheza pale alipouacha. Ng'ombe akiumeza, unamsubiri siku mbili. Nilipofika alikuwa na mipira minne. Kufikia Machi ilibaki mitatu, na kuna ndama mmoja ambaye hadi leo nina mashaka naye.

Nilikaa kwao kwa sababu jioni ile mvua ilinyesha, na kesho yake kulikuwa na kuni za kupasua. Mama Kabula alikuwa na mgahawa mbele ya nyumba, madereva wakishuka kula wali na maharage au ugali na dagaa. Mimi nilichota maji na kupasua kuni, nikapewa chakula na nafasi ya kulala kwenye stoo ya michembe. Sijawahi kulala mahali penye harufu nzuri kama ile ya viazi vitamu vilivyokaushwa, magunia hadi darini, na panya wanene waliotembea bila haraka kama wenye mali. Asubuhi tulikula michembe hiyohiyo imechemshwa pamoja na karanga, tukashushia chai. Ukuta wa stoo ulipakana na chumba chao na ulikuwa wa bati tupu, kwa hiyo niliwasikia kila alfajiri wakiamka.

"Huyu atakaa mpaka lini?" Mama Kabula aliuliza wiki ya kwanza.

"Mpaka ajifunze."

"Ajifunze nini?"

"Kushika."

"Mtu mzima yule hajui kushika?"

"Wewe hujaona anavyoshika."

"Nimeona anavyoshika kijiko. Hakuna kilichomponyoka."

Lakini mzee alisema kweli. Sikujua kushika. Kabla ya Nyasubi nilikuwa nimeponda mawe kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kwa miaka miwili, na aliyeponda mawe ana namna yake. Unashika nyundo kubwa, mkono mmoja mwishoni mwa mpini na mwingine karibu na chuma. Ukiinyanyua, mikono iko mbalimbali. Ukiishusha, ule wa juu unateleza kwenye mpini mpaka unakutana na mwenzake, na hapo ndipo jiwe linapasuka. Mwili ukishajifunza hivyo hauulizi tena. Nilipopewa fimbo ya gofu, mkono wangu wa kulia ulishuka wenyewe hadi karibu na chuma cha chini, nikatemea viganja mate, nikainua, nikateleza, nikapiga. Mpira haukusogea. Fimbo iliingia ardhini kiasi cha kiganja, tukaing'oa tukiwa wawili. Baba Kabula alikaa chini kwenye nyasi. "Sikukuambia uupasue," alisema. "Hauna dhahabu ndani."

Tulitumia mwezi mzima kunitoa kwenye nyundo. Alinifunga viganja pamoja kwa kipande cha mpira wa tyubu ili visiachane, nikawa nazunguka uwanjani kama mtu aliyekamatwa na mgambo. Wachunga ng'ombe walikuwa wakisimama kuniangalia. Mmoja wao aliniuliza kwa upole nimeiba nini.

Ukaja mkono wa kushoto. Katika gofu, kwa mtu anayetumia kulia, mkono wa kushoto ndio unaotangulia. Unakaa juu, mwishoni mwa mpini, na wa kulia unafuata chini yake. Mimi nililelewa kula kwa kulia, kusalimia kwa kulia, kumpa mkubwa kitu kwa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko kwa adabu. Leo naambiwa wa kushoto ndio kiongozi. Nilibishana naye siku tatu. "Sikiliza," alisema, "hapa mkono wa kulia ni mgeni. Umekaribishwa, umekaa, lakini usianze kupanga viti." Nilipobana sana aliniambia nishike fimbo kama ninavyompa mkono bibi harusi wa mtu mwingine: kiasi cha kuonekana nimesalimia, basi. Mfano huo ulinisaidia kuliko yote, ingawa mpaka leo nikiwa kwenye harusi za watu, najikuta nahesabu vifundo vya vidole vyangu.

Halafu dole gumba. Hapo ndipo ilipokuwa elimu yake yote. Alisema mtu yeyote anaweza kupanga vidole vinne, lakini dole gumba la kushoto ndilo usukani: lilale juu ya mpini, kulia kidogo ya katikati, na kiganja cha kulia kilifunike kabisa. Tatizo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa nalo. Alikuwa amejitengenezea jingine kwa ndala ya bluu, amelichonga vizuri hadi kucha, akawa analifunga kwa uzi kwenye shina la lile lililokatika. Alikuwa akilivaa kabla ya kucheza kwa utaratibu uleule ambao watu wengine huvalia tai. Mama Kabula alikuwa akisema ndala mwenzake bado iko chini ya kitanda inasubiri siku mzee atakapopoteza la kulia.

"Usitazame fimbo," Baba Kabula aliniambia kila siku. "Usitazame mpira. Tazama mikono yangu, fanya kama mimi, maswali baadaye." Kwa mtu kama mimi kuweka maswali baadaye ilikuwa mateso, lakini nilifanya. Nilitazama mikono yake mpaka nikaijua kuliko yangu. Kisha naye alikuwa akiinama, anatazama dole langu, anatazama lake, analinganisha, anaridhika. "Wabeja," alikuwa akisema, yaani asante, kana kwamba nimempa kitu.

Kufikia Juni nilikuwa siwezi kushika chochote kirefu bila kukipangia vidole. Nilishika hivyo jembe, ufagio, mchi. Siku moja Mama Kabula aliniachia sufuria ya ugali akatoka kupokea mkaa. Aliporudi alinikuta nimeupangia mwiko mikono kikamilifu, kushoto juu, kulia chini, nikiuzungusha kwa upole wa bibi harusi wa mtu mwingine. Ugali ule ulitoka na madonge ya kutosha kucheza mashimo yote sita. Dereva mmoja alilitoa donge mdomoni, akaliweka pembeni ya sahani, akalitazama. "Mama," akasema, "hili limeiva kwa upande gani?" Mama Kabula akaja jikoni akanipokonya mwiko. "Yeye ana kidole cha ndala, wewe una akili ya ndala. Mtaniulia wateja wangu kwa njaa."

Mwezi wa Agosti mtu aliyewahi kufanya kazi na mzee alipita kula, akamwambia kwamba kambi ya mgodi mmoja upande wa Geita ina kiwanja cha gofu na inatafuta mtu wa kuanza Desemba. Kazi ni kukitunza kiwanja, na siku za mapumziko kuwafundisha wafanyakazi wanaoanza jinsi ya kushika fimbo. Baba Kabula alimsindikiza mgeni hadi barabarani. Alfajiri iliyofuata niliwasikia kupitia bati.

"Nenda mwenyewe basi," Mama Kabula alikuwa akisema, na hakuwa akitania.

"Nilishakwenda. Mwaka ule nilipostaafu. Waliniangalia mkono wakacheka. Walisema wanataka mwalimu, si mgonjwa."

Nikasikia kitanda kikilia, mtu akigeuka.

"Nitampeleka huyu," mzee akasema. "Ana vidole vyote. Wakimkubali, basi ninachokijua ni kweli. Wakimkataa, watakuwa wamenikataa mara mbili."

Nililala pale kati ya magunia nikitazama dari. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilikuwa nataka kitu ambacho ningeweza kukikosa. Ni hali mbaya sana, siipendekezi. Nilikuwa nimezoea kuondoka mahali kabla hapajanikataa. Sasa nilikuwa na miezi mitatu ya kufikiri, na nilicheza mashimo yale sita asubuhi na jioni, mvua za vuli zikaanza, mpira mmoja ukapotelea kwenye matope, na ile miwili iliyobaki nikaipiga ikaenda imenyooka, chini chini, mbali, mpaka wachunga ng'ombe wakaacha kucheka, wakaanza kusogeza mifugo yao bila kuombwa.

Niliondoka mwanzoni mwa Desemba. Mama Kabula alinifungia michembe ya kutosha ukoo mzima. Mzee hakuja kwenye basi. Alisimama uwanjani na fimbo yake, akainyanyua, na sikujua kama ananiaga au anapima upepo.

Aliyenipokea kambini Geita alikuwa mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Moshi, aliyecheza gofu tangu akiwa shule. Waliomzunguka walimwita Mama Neema. Alikuwa na kofia nyeupe na sauti ya taratibu ya mtu asiyehitaji kurudia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyetumwa na yule mzee wa Kahama?"

"Ndiyo, mama."

"Usipige. Shika tu."

Nikashika. Alinizunguka polepole, mikono nyuma. Wakata majani wawili waliacha kazi wakaja kutazama. "Mkono wa kushoto mzuri," alisema. "Wa kulia mzuri. Hauminyi. Nani amekufundisha kutominya?" Nikaanza kupumua. Akainama. "Na hili ni nini?"

"Dole gumba, mama."

"Najua ni dole gumba. Linafanya nini huko juu?"

Nikatazama. Mwaka mzima nilikuwa nimetazama mikono ya Baba Kabula, na yangu sikuwahi kuitazama kama mgeni. Dole gumba langu la kushoto lilikuwa limesimama wima, limechungulia juu ya mkono wa kulia, gumu, limenyooka. "Umeliinua kama mtu anayesubiri kupakwa wino," Mama Neema alisema. Wakata majani wakacheka mpaka mmoja akashika mti. Nikaliona dole lile la ndala mbele yangu. Ndala haijipindi yenyewe. Mzee alikuwa akisema lilale, na alikuwa akiamini limelala, kwa sababu ndala haina hisia za kumwambia vingine. Mimi nilikuwa nimesikia lilale, nikaona limesimama, nikaamini macho.

"Huyo mzee ndiye aliyekufundisha hivi?"

Hapo ningeweza kusema. Ningesema ana vidole tisa, na kosa langu lingekuwa la kusikitisha badala ya kuchekesha, pengine ningehurumiwa. Lakini niliona wangemcheka tena, na safari hii asingekuwepo. "Hapana, mama," nikasema. "Yeye alinifundisha lilale. Kusimama ni langu."

"Lilaze, upige."

Nikalilaza. Mpira ulienda kulia hatua kumi na tano, ukagonga tangi la maji. Wa pili haukuondoka kabisa, yakaondoka majani. Mmoja wa wakata majani akapiga mluzi wa masikitiko. Mama Neema akavua kofia akajipepea. "Haya, lisimamishe," akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kumaliza. Nikalisimamisha. Mpira ukaenda umenyooka, chini chini, ukapita bendera ya shimo la kwanza ukiwa bado unakimbia. Hakuna aliyecheka. Akaniwekea mwingine, ukaufuata wa kwanza. Akaniwekea wa tatu.

"Sasa nikuambie nini?" alisema baadaye, akizungumza na nafsi yake zaidi kuliko na mimi. "Majani utakata. Kiwanja utakitunza, naona unakipenda. Lakini kufundisha, hapana. Nikikukuta umemsogelea mtu aliyeshika fimbo ukamwonyesha dole hilo, unaondoka siku hiyohiyo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama."

"Na wakija wageni, mkono huo uwe mfukoni."

Mmoja wa wakata majani alinielekeza nyumba ya bibi mmoja nyuma ya soko, aliyekuwa akipangisha vyumba. Alikuwa akichambua mchele mlangoni, akaendelea kuchambua nilipokuwa nikisalimia. "Umekuja kuchimba?" Nikamwambia nimekuja kukata majani. Akasimamisha ungo. "Watu wanatoka nchi nzima wanakuja Geita kutafuta dhahabu, wewe umekuja kutafuta majani?" Alinionyesha chumba, alinionyesha ndoo, akaniambia zamu yangu ya bafu ni baada ya fundi cherehani na kabla ya mlokole, nisizichanganye kwa sababu mlokole huimba sana. Chumba kilikuwa na kitanda cha mbao na dirisha dogo linalotazama ukuta wa jirani. Nikakaa kitandani. Nikampigia simu Baba Kabula.

Alipokea kabla haijaita mara ya pili. "Umepita?"

"Nimepita, baba."

Nikamsikia akihema. "Waliangalia nini?"

"Mikono."

"Nilikuambia! Nilikuambia wataangalia mikono. Na dole? Walisemaje kuhusu dole?"

Fundi cherehani alikuwa anapita koridoni na ndoo yake. Nikamsubiri apite.

"Wamesema hawajawahi kuona dole kama lile," nikamwambia.

"Rudia. Ngoja. Mama Kabula! Mama Kabula, njoo, acha hayo maharage. Rudia asikie."

Nikarudia. Nikamsikia Mama Kabula akianza kucheka, mbali kidogo na simu, kicheko kirefu cha mtu anayetafuta mahali pa kukaa chini. "Amefurahi sana," Baba Kabula akaniambia. Nikamwambia nasikia. Akaniuliza kama nimepata pa kulala. Nikamwambia nimepata, kuna kitanda, kuna na dirisha.

"Basi lala mapema," akasema. "Kesho ukawafundishe."

"Sawa, baba."